Hodi Katika Mashine ya Mwalimu Tabitha

Nimestaafu mwezi uliopita, na Simran ameniomba niwaandikie nyinyi mnaobaki dukani mambo machache kuhusu kazi yetu. Nilimwambia sina cha kuandika, akanitazama vile marehemu babake alivyokuwa akinitazama nikimwambia mashine haitengenezeki. Basi nimeketi. Mshahara sitautaja, maana mnaujua, na vyeo havijawahi kuwepo dukani kwetu: kuna mwenye duka na kuna sisi. Nitawaeleza habari za watu na mashine zao, na hasa waliyokuwa wakiyasema, kwa sababu katika miaka yote hiyo nilichosikia zaidi ni maoni. Kila mwenye kompyuta ya Mac hapa Nakuru ana maoni, na wote waliniletea mimi.

Niliingia dukani nikiwa msichana wa Bondeni ninayejua kupiga taipu na si kingine. Duka lilikuwa orofani, juu ya duka la misumari na mabati, na ngazi ni zile zile mnazozilalamikia. Bwana Harjit, babake Simran, alikuwa fundi wa mashine za taipu. Aliingia kwenye Mac kwa sababu wachapishaji wa mjini walianza kuzinunua na hapakuwa na mtu wa kuzifungua. Siku yangu ya kwanza alinipa bisibisi na mashine iliyokufa. "Fungua," akasema. "Usitengeneze. Wewe fungua tu, angalia, halafu funga." Nilifungua na kufunga wiki nzima. Mwishowe parafujo moja ikabaki mezani bila mahali pa kukaa. Akaiokota, akanitia kiganjani. "Hii sasa ni yako. Ukijua inakaa wapi utaniambia." Ninayo hadi leo, na bado sijui inakaa wapi.

Jumamosi kabla ya kufunga tulikunywa chai ya tangawizi pamoja, naye aliuliza swali lake lile lile: "Customer amesema nini?" Hakutaka kusikia tulichokarabati. Alitaka maneno ya mteja mwenyewe, hata kama ni matusi. Alisema mashine haiwezi kukwambia inaumwa wapi, lakini mwenye mashine atakwambia, ila atakwambia kwa lugha ya mambo yake mwenyewe, na kazi ya fundi ni kusikiliza.

Kwa hiyo tulisikiliza. Daktari mmoja wa meno alinunua programu ya kufagia mashine. Kisha akanunua nyingine ya kuhakikisha kwamba ile ya kwanza imefagia. Ya tatu alipewa na shemeji yake, nayo ikazifuta mbili za kwanza pamoja na picha za harusi ya bintiye. Nilipomuuliza maoni yake alifikiri kidogo, akasema, "Hii kitu inasafisha kweli kweli." Mzee Athumani, muuza vitambaa, shida yake ilikuwa barua pepe. Alikuja akiwa amekasirika, kofia imekaa upande.

"Zuhura, jana barua niliiacha hapa haijasomwa. Leo nimeikuta imesomwa. Nani ameisoma?"

"Ni simu yako, mzee. Uliisoma kwa simu, nayo simu ikaiambia mashine. Hizi vitu zinaongea."

"Zinaongea nini mimi nikiwa sipo?"

Nilijaribu kumweleza, naye alienda zake akitikisa kichwa.

Programu za kuingia kwa mbali zilipofika ndipo maoni yalipobadilika. Zamani ilibidi nipande gari hadi Naivasha au Molo kwa ajili ya mtu aliyesahau neno lake la siri. Sasa ningeweza kuketi hapa juu ya misumari na kuiona skrini yake, nikasogeza kishale chake na kufungua madirisha yake kana kwamba nimekaa kwenye kiti chake. Mimi niliona ni neema. Wateja, kila mmoja bila kujuana na mwenzake, walisema jambo moja: kuna mtu ndani. Meneja wa shamba la maua kule karibu na Karagita aliifunika kamera kwa plasta aliyoitoa kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Akanipigia simu.

"Auntie, mouse inatembea na mimi nimekunja mikono. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na jana?"

Jana sikuwa nimeingia. Nilicheka nikamwambia ni vumbi chini ya kipanya. Mara nyingi huwa ni vumbi.

Kwa sababu ya woga huo Bwana Harjit alitunga sheria ya hodi, ambayo nyinyi mnaiona ni mambo ya kizee. Ukiingia kwenye mashine ya mtu, programu hulia ting upande wake. Usiguse kitu. Peleka kishale katikati ya skrini, kizungushe, kisha ondoa mkono ungoje. Mteja naye atashika kipanya chake akizungushe: hiyo ndiyo karibu. Asipojibu, toka, hata kama alikuomba uingie. Na kamera ya mteja haifunguliwi bila idhini yake, katu. "Hiyo ni nyumba ya mtu," alikuwa akisema. "Kwa sababu huoni mlango, ndio unafikiri hakuna mlango?"

Mnaozungusha kwa haraka ili mmalize, mnakosa jambo. Kila mteja ana mzunguko wake. Daktari wa meno alizungusha mara moja kwa pupa. Mzee Athumani alichora kitu kama yai. Mwalimu Tabitha wa Mau Narok, ambaye ndiye hasa niliyekaa kuwaandikia, alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, naye alizungusha kuelekea kushoto, polepole, kama mtu anayekoroga uji. Hata bila jina kwenye skrini ningejua ni yeye.

Alikuwa amefundisha shule ya msingi huko juu maisha yake yote, na nusu ya wanaume wa Mau Narok bado walikuwa wakificha mikono nyuma wakimwona. Mume wake alikuwa amefariki. Shamba alilikodisha kwa mtu wa viazi, naye akabaki peke yake katika nyumba ya mbao, na mtoto wake mmoja tu, Wairimu, alikuwa nesi Uingereza. Wairimu ndiye aliyempelekea ile Mac kubwa ya mezani. Ndiye pia aliyeweka sharti, na sharti hilo nililisikia kwa masikio yangu siku niliyoenda kuifunga mashine, Wairimu akiwa kwenye simu yenye spika: "Mum, uniandikie kila siku, hata mstari mmoja. Siku nitakosa barua yako, nitajua kuna kitu mbaya na nitatuma mtu."

"Kila siku nitatoa wapi habari?" Mwalimu akauliza. "Hapa kuna ukungu na viazi."

"Andika ukungu na viazi."

Aliandika. Na kila Jumatano saa nne asubuhi, kwa mapatano ya Wairimu na duka letu, niliingia kwenye mashine yake kuikagua. Nilipiga hodi, alikoroga uji wake, tukaongea kwa simu huku nikifanya kazi. Maoni yake yalikuwa mengi kuliko ya wateja wengine wote nikiwajumlisha. Programu ya kufagia aliikataa siku ya kwanza: "Mgeni asinipangie kabati." Ya kuingia kwa mbali aliipenda kwa sababu ya ile ting. Alisema nyumba yake ilikuwa haijabishwa hodi muda mrefu. Kuhusu programu ya barua pepe, alikaa miezi akiilalamikia, kisha ghafla akaanza kuisifu.

"Hii ina adabu, Zuhura. Ukiipa kazi inaifanya kwa wakati wake, haikuulizi maswali."

Nikafurahi, nikayapeleka maneno hayo kwenye chai ya Jumamosi. Wiki chache baadaye aliniomba kitu kingine. Mashine yake ilikuwa ikilala ikiachwa bila kuguswa, kama zote zinavyolala, naye hakutaka. "Nataka ikeshe. Usiku na mchana." Kuna programu ndogo ya kazi hiyo, mnaijua, ile yenye alama ya kikombe pale juu. Nikamwekea. Sikumuuliza inakesha ikifanya nini. Mteja akitaka taa iwake, sisi huwasha taa.

Sasa niwaeleze Jumatano yenyewe. Ulikuwa msimu wa baridi, ule ambao hata hapa mjini watu hutembea wamejikunyata, na kutoka dirishani mwetu ungeona mlima wa Mau umefunikwa kabisa, mweusi kwa mvua. Bwana Harjit alikuwa ameshafariki na Simran ndiye aliyekuwa akiendesha duka. Saa nne niliingia kwa Mwalimu. Nikapiga hodi. Hakuna. Skrini yake ilikuwa tupu, kishale kimetulia kwenye kona ya chini. Nikampigia simu, nikaambiwa na yule mwanamke wa mtambo kwamba mteja hapatikani. Nikafuata sheria, nikatoka, nikanywa chai.

Niliporudi nikaingia tena. Nilikuwa sijakigusa kishale. Kilijongea chenyewe kutoka kwenye kona, kikaja kwa kuvutwavutwa hadi karibu na katikati, kikazunguka.

Kilizunguka kuelekea kulia.

Sijui kama mtanielewa nikisema vinyweleo vilinisimama. Ilikuwa asubuhi, redio ya duka la misumari ilikuwa ikisikika, mtu alikuwa akibishana bei ya mabati. Lakini miaka yote mkono ule ulikuwa umeenda kushoto. Nikafungua kidirisha cha maandishi, nikaandika: Mwalimu, hujambo? Hakuna jibu. Kishale kikatulia. Kikaanza tena, kulia, mzunguko usiofungika, kama wa mtu anayejaribu kuiga alichokiona kwa mwingine. Nilijiambia labda ana mgeni. Labda ni mtoto wa jirani anacheza.

Ndipo barua ikaondoka. Nilikuwa nikiitazama skrini kwa macho yangu mawili. Hakuna dirisha lililofunguliwa, hakuna herufi iliyoandikwa, kishale kilikuwa mbali kabisa kikihangaika peke yake. Pakasikika ile sauti ya barua kuondoka, na kwenye kona kikatokea kijitangazo kwamba imetumwa kwa Wairimu. Kikapotea.

Simran alikuwa amesimama nyuma yangu. "Auntie, nani ametuma hiyo?"

Nilimpigia Wairimu. Alikuwa anatoka zamu, sauti yake imechoka lakini ina furaha.

"Mum yuko sawa, Auntie Zuhura. Barua imeingia sasa hivi. Ngoja nikusomee. 'Wairimu, leo jua limewaka tangu asubuhi. Nimeanika blanketi uani. Nimekunywa uji na mwili hauna neno.' Unaona?"

Nilitazama dirishani. Mau ilikuwa haionekani kwa mvua.

"Wairimu, huko kunanyesha."

"Labda kwake hakunyeshi. Si unajua mlima."

Nilikata simu. Kishale bado kilikuwa kikienda na kusimama. Nikaandika kwenye kidirisha: Mwalimu, naomba idhini nifungue kamera. Ukikubali, zungusha. Kikazunguka. Nikafungua.

Kiti kilikuwa kitupu.

Niliona shali yake ya kijivu imening'inia kwenye mgongo wa kiti. Niliona dirisha lenye ukungu, na mlango wa chumba umefungwa. Hapakuwa na mtu. Na pale pale, juu ya picha ya kiti kitupu, kishale kilizunguka tena. Simran alinishika bega kwa nguvu hadi likaniuma. Mimi nilisoma Ayatul Kursi kimoyomoyo, na siwafichi, nilitaka kuchomoa waya na kwenda nyumbani kwangu. Kilichonizuia ni mazoea ya kazi tu. Fundi akiona kitu kinasogea hutafuta kinachokisogeza, na macho yangu yalikwenda yenyewe kwenye ukingo wa meza, ambao kamera iliuonyesha kidogo kwa chini, pale alipozoea kuweka kipanya chake kisicho na waya, upande wa kushoto, juu ya kitabu kikuukuu.

Kitabu kilikuwepo. Kipanya hakikuwepo.

"Simran," nikasema, "yuko chini. Yuko sakafuni nacho."

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio, na bado yalichelewa. Nilimpigia Kiprono, mwenye duka la dawa za mifugo pale Mau Narok, ambaye pia ni mteja wetu. Alipanda bodaboda kwenye mvua, akafika, akanipigia.

"Mathe, hapa kumefungwa. Jirani anasema labda Mwalimu alisafiri, hajamwona tangu Jumatatu."

"Hajasafiri. Vunja mlango."

"Nivunje mlango ya Mwalimu? Huyo alinifundisha, Mathe. Akitoka aniambie nini? Patia mimi ruhusa ya family kwanza."

Mwanamume mzima mwenye ndevu, kwenye mvua, anaogopa kuchapwa. Ningecheka siku nyingine. Nilimpigia Wairimu tena, nikamwambia nilichokiona. Akanikasirikia, na simlaumu.

"Unanitisha bure. Nina barua yake mkononi. Jana aliniandikia, juzi aliniandikia, leo ameniandikia. Unataka nivunje mlango ya mamangu juu ya mouse?"

Hapo ndipo maneno ya Mwalimu yaliponirudia, yote kwa pamoja: programu yenye adabu inayofanya kazi kwa wakati wake bila kuuliza, na mashine iliyotakiwa ikeshe usiku na mchana.

"Wairimu, angalia barua za wiki hii. Usisome. Angalia saa tu."

Akaanza kunisomea saa. Ilikuwa saa nne na nusu, kwa saa zetu, barua ya leo. Saa nne na nusu ya jana. Saa nne na nusu ya juzi, na wiki iliyopita yote, na ile ya kabla yake, hata dakika haijaruka.

"Waambie wavunje," akasema.

Baadaye tulielewa. Siku moja alipitiwa na barua yake ikakosa kwenda, Wairimu akapiga simu hadi kwa chifu. Mwalimu aliaibika. Alikuwa mwalimu, na mwalimu hufanya maandalio ya wiki nzima mapema. Basi Jumapili akitoka kanisani aliketi akaandika barua zote hadi Jumamosi, akaiagiza programu itume moja kila siku; na kwa kuwa mashine iliyolala haitumi kitu, ilibidi ikeshe. Habari alizitunga: leo jua, kesho ng'ombe wa jirani, keshokutwa viazi. Ziliwekwa vizuri kama somo ubaoni. Jumatatu jioni kiharusi kilimwangusha kutoka kwenye kiti, upande wa kushoto wote ukafa, naye akavuta kipanya akaanguka nacho. Jumanne, akiwa amelala kwenye mbao bila sauti, aliisikia barua yake mwenyewe ikiondoka juu ya kichwa chake kumwambia binti yake kwamba yuko salama.

Skrini hakuwa akiiona. Swali langu la kamera hakulisoma. Alikuwa akiisikia ile ting, akajua ni Jumatano na ni mimi, akajibu kwa mkono wa kulia uliobaki, pale sakafuni, bila kujua kama kishale kinakwenda.

Mutai, fundi mwenzangu, alichukua gari la duka tukapanda Mau. Nilimwachia Simran kiti changu. "Usimwache. Toka, ingia, toka, ingia. Asikie kuna mtu mlangoni." Njia nzima alikuwa akinieleza kwenye simu. Bado anazunguka. Bado. Tulipita Njoro, Mutai akiendesha, wipa zikilalama. Kisha Simran akasema, "Auntie, amenyamaza," na nyuma ya sauti yake nikamsikia akibonyeza, akitoka na kuingia, akitoka na kuingia.

Alinyamaza kwa sababu Kiprono alikuwa ameshaingia na kumfunika kwa koti lake. Tulikutana nao njiani, yeye na pikapu ya mtu wa viazi, tukamhamishia Mwalimu garini kwetu. Alikuwa mwepesi ajabu. Uso wake ulikuwa umeshuka upande mmoja na midomo yake imekauka, lakini jicho moja lilinifuata. Nilimpakata kichwa kwenye kiti cha nyuma. Tulipokuwa tukiteremka kuelekea Nakuru aliutafuta mkono wangu, akaufungua kiganja, akaweka kidole katikati. Akakizungusha, kuelekea kulia, polepole. Nililia kama mtoto, na nikamzungushia nami kwenye kiganja chake.

Alifariki Alhamisi alfajiri, hospitalini. Wairimu aliambiwa na daktari kwa simu. Saa nne na nusu asubuhi hiyo akanipigia.

"Ameniandikia," akasema. "Anasema ameamka vizuri. Anasema baridi imepungua."

Kwenye harakati zote zile hakuna aliyekumbuka kuizima mashine. Nilimwambia naweza kuingia sasa hivi nizifute zilizobaki. Zilikuwa mbili.

"Usiziguse," akasema.

Ijumaa barua ilimkuta uwanja wa ndege. Ilihusu ndama wa jirani, ambaye Mwalimu alimsifia masikio. Jumamosi asubuhi nilimpeleka Wairimu Mau Narok. Mlango ulikuwa umeegemezwa tu, bawaba zimevunjika. Mtu alikuwa ameokota kipanya na kukirudisha juu ya kitabu, upande wa kushoto. Mashine ilikuwa ikiwaka. Wairimu alivaa shali ya mamake, akaketi kwenye kile kiti, mimi nikasimama mlangoni. Sote tulikuwa tukijua ni saa ngapi.

Sauti ya kuondoka ilitoka mezani. Baada ya kitambo kidogo, ile ya kufika ililia ndani ya mkoba wake, chumba kile kile. Hakuutoa mkoba begani. Aliingiza mkono akaitoa simu, akasoma, kisha akanipa mimi nisome kwa sababu hakuwa akiona vizuri.

Ilikuwa fupi. "Wairimu, leo nimechoka kidogo, sina habari. Kesho Jumapili siandiki, tutaongea kwa simu."

Ndivyo alivyokuwa akimaliza kila Jumamosi. Wairimu aliniambia kwamba Jumapili ndiyo siku waliyokuwa wakiongea, na kwamba kila Jumapili Mwalimu alikuwa akimuuliza, kama utani, ni barua gani aliipenda zaidi wiki hiyo.

Nyinyi mtakaokaa kwenye kile kiti changu, hodi msiiache. Na mteja akiwaambia anataka mashine yake ikeshe, muulizeni inakesha ikimngoja nani. Mimi sikuuliza, na hakuna sheria iliyonitaka niulize, lakini ningeuliza.

"Izime, Auntie," Wairimu akasema Jumamosi ile, nilipomrudishia simu yake.

Sikuizima. Nilikwenda mezani, nikapeleka kishale pale juu kwenye alama ya kikombe, nikaiondoa ile programu ya kukesha. Nikavuta stuli nikaketi karibu naye. Tukangoja bila kugusa kitu, mpaka skrini ikafifia yenyewe, na mashine ya Mwalimu ikalala.